Si Wewe Uliyeleta Kifo Endasak

Mwanangu Marselina,

Nimekaa kwenye meza ileile ambayo juma lililopita tulijazia fomu zako za kujiunga na shule, na kalamu ninayoandikia ni yako. Wewe, mama yako na mdogo wako mmetoka kwenda sokoni kutafuta kufuli la tranka, kwa sababu lile la kwanza, kama ulivyosema mwenyewe, linafunguka kwa kuangaliwa tu. Nakadiria kwamba mtachelewa, maana mama yako hawezi kupita soko la Mbulu bila kusimamishwa na watu aliowahi kuwachoma sindano. Nina saa mbili, pengine tatu. Kesho alfajiri utapanda basi, na jambo ninalotaka kukueleza limekaa kifuani mwangu kwa zaidi ya miaka mitano.

Sitakuandikia habari za sabuni, ndoo na madaftari. Hayo mama yako ameyasema, ameyarudia, na nimeona ameyaandika kwenye karatasi akaibandika ndani ya mfuniko wa tranka. Mimi nimekuja na jambo moja.

Jumatatu, mlipokuwa mkikunja shuka chumbani, nilikuwa sebuleni na mlango ulikuwa wazi. Nilikusikia ukiuliza, "Mama, bwenini mtu anaweza kuomba kitanda cha peke yake? Kile cha pembeni kabisa, mbali na wenzake?"

Mama yako akacheka. "Marselina, hilo ni bweni, siyo gesti ya Katesh. Utalala pale matroni atakapokuonyesha, tena juu ya dabodeka, na wa chini atakukoromea mpaka Krismasi."

Hukucheka. Ulisema taratibu, "Siyo kwa ajili yangu. Ni kwa ajili yao."

Mama yako alidhani unaogopa kuwasumbua wenzako kwa kuota na kuongea usingizini. Mimi niliweka chini kitabu nilichokuwa nikisoma, na tangu hapo sijakifungua tena. Nilielewa ulichomaanisha. Unaondoka nyumbani ukiamini kwamba wewe ni mtu wa hatari kwa wanaokukaribia, kwa sababu unaamini kwamba ulipokuwa na umri wa miaka minane ulimuua babu yako. Hukumuua. Mimi nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, na ushahidi niliuficha.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa mpangilio, kwa kadiri ninavyoweza. Usinihurumie unaposoma.

Mwaka ule wa korona nilikuwa na shahada iliyokuwa bado inanukia wino. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho, na babu yako alikuwa ameiweka picha yangu ukutani juu ya ile ya mtakatifu, mpaka bibi yako akamwambia aishushe kidogo, asije akamkasirisha mwenye nyumba. Nilikuwa nimesomea ustawi wa jamii. Nilikuwa na suti moja, na nilijua maneno mengi. Kilichokosekana ni kazi. Shirika moja dogo lilikuwa linatafuta vijana wa kuelimisha wazazi vijijini, nami niliutaka mkataba ule kama mtu anavyotaka maji. Mama yako alikuwa muuguzi Haydom, akija nyumbani mwisho wa juma, na sisi wawili tulikaa hapa Mbulu katika vile vyumba viwili vya kupanga, wewe ukiwa darasa la pili.

Shule zilipofungwa, nilikuwa nimefanya usaili na kupata mkataba wa majaribio wa miezi sita. Mama yako aliamua kubaki Haydom mfululizo, kwa sababu aliogopa kutuletea ugonjwa kutoka wodini. Hakukuwa na mtu wa kushinda nawe. Hivyo nikakufungia nguo kwenye begi la shule na kukupeleka kwa babu na bibi, Endasak.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niiandike, kwa sababu kosa langu la kwanza liko pale. Tulishuka kwenye pikipiki chini ya mlima, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Babu yako alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha. Nilikuwa nimekuvalisha barakoa. Alipoiona aliangua kicheko.

"Baba Marselina! Umemfunga mjukuu wangu mdomo kama ndama anayeachishwa kunyonya! Amekula shamba la nani?"

Wewe ulicheka, ukaivua, ukakimbia, ukamrukia kifuani kama ulivyozoea. Nami, niliyekuwa nimetoka kwenye semina ya siku tatu kuhusu kuwakinga wazee, nikapiga kelele iliyosikika kwa majirani:

"Marselina, acha! Utamuua babu yako!"

Sentensi ile niliisahau kabla ya kumaliza kikombe cha uji ambacho bibi yako alinipa. Nilikuwa nimetimiza wajibu wangu wa kitaalamu, na nikaona jambo limekwisha. Miaka mitano imenifundisha kwamba anayelitamka neno huliacha njiani na kuendelea na safari. Anayebaki nalo ni yule lililompata.

Kabla ya kuondoka niliweka utaratibu. Utakuwa na sahani yako, kikombe chako na kigoda chako, na vitaoshwa mbali na vingine. Utalala kwenye chumba cha stoo, siyo na bibi kama zamani. Hutakaa motoni pamoja nao jioni, utakaa mlangoni. Watoto wa jirani wasije, nawe usiende kwao. Bibi yako alinisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Kwa muda gani?" akauliza.

"Mpaka itakapotangazwa."

"Mtoto wa miaka minane akae mlangoni mpaka itangazwe? Itangazwe na nani?"

"Mama, nimesomea mambo haya."

Akashusha mikono. "Haya, msomi. Wewe ndiye mwenye cheti."

Nilikuja kila Jumapili, nikasimama nje ya ua, wewe ukasimama ndani. Juma la kwanza ulilia. Juma la pili uliniuliza mama atakuja lini. Juma la tatu hukuuliza chochote. Ulisimama umenyooka kama askari, ukajibu "ndiyo, baba" na "hapana, baba." Nilikuuliza kama unanawa mikono, ukaninyooshea viganja nivione. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye viungo vya vidole. Nilichoona mimi ni usafi. Nikakwambia, "Hodari sana." Marselina, nimewaza siku nyingi kuhusu neno lile "hodari." Ulikuwa unanionyesha jeraha, nami nikakupa sifa.

Lililofuata lina aibu zaidi, kwa sababu lilinifaidi. Shirika lilitutaka tuwasilishe kazi yetu mbele ya viongozi. Mada yangu niliipa jina refu: Ustawi wa Kihisia wa Mtoto Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa. Niliwaeleza kwamba watoto wakipewa utaratibu ulio wazi hutulia, hukubali mabadiliko, hata huwa walinzi wa wazee wao. Kisha nikatoa mfano wa mtoto mmoja wa miaka minane, kijiji kimoja wilayani Hanang, ambaye ananawa bila kuambiwa, anakula peke yake bila kunung'unika, na hajalia tangu juma la kwanza. Sikusema ni wangu mpaka mwisho, kwa sababu nilijua jinsi ya kumaliza hotuba. Walipiga makofi. Mzee mmoja wa meza ya mbele alinishika bega akasema, "Kijana, huyo mtoto amelelewa." Mkataba wangu wa kudumu ulitokana na siku ile. Karo ya shule unayokwenda kesho inatoka kwenye mkataba huo. Sitakuambia hilo likufanye nini. Nimeona tu kwamba una haki ya kulijua.

Siku niliyopigiwa makofi, wewe ulikuwa na siku ishirini hujaguswa na mtu.

Babu yako alifariki katika juma la nne la kukaa kwako pale. Alikutwa asubuhi amekaa kitandani, ameegemea ukuta, kama mtu anayesubiri kuitwa. Tulimzika kesho yake. Unakumbuka watu walivyokuwa wachache. Wengine walisimama barabarani bila kushuka kwenye pikipiki zao, wakatoa pole kwa kuinua mkono. Kila mtu alikuwa akinong'ona neno lilelile. Nami nilikuonyesha lile jiwe karibu na zizi, nikakwambia ukae pale, usije penye watu. Ulikaa tangu asubuhi mpaka udongo ulipofukiwa. Nilikutazama mara mbili. Mara zote mbili nilishukuru kwamba hunisumbui.

Sasa nitaandika jambo ambalo mtu mwingine yeyote, aliyezaliwa nje ya milima hii, angesamehewa kwa kutoliona, lakini siyo mimi. Unajua desturi ya zamani ya sisi Wairaqw; bibi yako alikusimulia mara nyingi jioni, hata kabla ya mwaka ule. Nyumba iliyopatwa na msiba mzito ilitengwa. Watu wake hawakula na majirani wala kuazimana nao vyombo. Walikaa pembeni muda mrefu, kwa sababu iliaminika kwamba kifo kimewashika na wanaweza kukipitisha kwa wengine. Halafu ilifika siku ambapo wazee walikuja kuwatoa. Nyumba ilifagiwa, watu wakaoga, na jirani wa kwanza akaingia akala nao. Siku hizi desturi hiyo imebaki kwenye simulizi tu. Mimi niliisikia utotoni kama wewe. Chuoni niliiandikia kazi ya kurasa kumi na tano na nikapata alama nzuri. Lakini nilipokupa sahani yako na kigoda chako, na kukuweka mlangoni mbali na moto, sikuona kwamba nilikuwa naijenga desturi ile upya, ukuta kwa ukuta, na kumwingiza ndani yake mtoto wa miaka minane. Nilidhani ninafuata mwongozo wa afya. Wewe ulikuwa unasoma kitu kingine kabisa, na ulikisoma kwa usahihi, kwa sababu ndicho ulichofundishwa.

Shule zilipofunguliwa nilikuja kukuchukua. Ulikuwa kule nyuma unakusanya nguo. Bibi yako aliniita jikoni, akafunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya mchana.

"Mtoto wako ananiuliza kila siku jambo moja," akasema. "Ananiuliza, 'Bibi, siku ya kunitoa ni lini?'"

"Kumtoa wapi?"

"Na mimi nilimwuliza hivyohivyo. Akaniambia, 'Kama ile nyumba uliyosimulia. Babu amekufa, na mimi ndiye niliyemshika. Baba alisema nitamuua. Wazee watakuja lini?'"

Hapo ndipo niliposikia sentensi yangu mara ya pili. Nilikana. "Mimi sijasema hivyo."

"Ulisema. Ulisimama pale kwenye mti wa mparachichi ukapaza sauti. Mke wa jirani amesikia, mbuzi wamesikia." Akaketi. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake haikubadilika. "Wewe umesomea watoto, au umesomea karatasi?"

Akaendelea, akishusha sauti. "Nimemwambia siyo yeye. Nimesema mpaka nimechoka. Hanisikii, kwa sababu mwenye cheti ni wewe. Sasa sikiliza. Wapo wazee wawili watatu bado wanaojua ile kazi. Waje asubuhi moja tu. Wamfanyie kama zamani, kisha mimi nikae naye nile naye sahani moja. Mtoto alale usingizi."

Nikamwambia mama yangu mzazi maneno haya, nami nayaandika kama yalivyotoka: "Mama, mimi ni afisa. Ofisini nitasema nini? Kwamba ninamtibu mtoto kwa mizimu?"

"Nani ametaja mizimu? Nimetaja chakula."

Nilikataa. Nilitoka nje nikakukuta umeshika begi. Nikachuchumaa mbele yako, nikasema kwa sauti ile ninayoitumia kwenye semina, "Marselina, bibi ameniambia. Hayo ni mambo ya kale. Shule imefunguliwa, ugonjwa umepungua. Usiwaze mambo hayo tena, sawa?"

"Sawa, baba."

Ulisema sawa, nami nikapanda pikipiki nikiwa nimeridhika. Njia nzima hukunishika kiuno. Ulishika chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili.

Nimewahi kujiuliza kama bibi yako alikuwa sahihi. Kumtoa mtu ni kukiri kwamba alikuwemo, na wewe hukuwa na kosa la kutolewa. Labda ungebaki na usingizi mzuri na imani mbaya. Sijui. Ninachojua ni kwamba mimi sikukupa usingizi wala ukweli, na vyote viwili nilikuwa navyo.

Huo ukweli ni huu.

Ndani ya bahasha hii utakuta daftari la kliniki la babu yako. Usishtuke kwa mwandiko wa daktari. Nenda ukurasa wa tatu. Mwezi mmoja na nusu kabla sijakupeleka Endasak, nilimpeleka babu yako hospitali kwa basi, kwa sababu miguu ilikuwa inavimba na alikuwa hawezi kulala chali, alilala ameketi. Daktari alimpima akaniita pembeni. Moyo wake ulikuwa umepanuka na umechoka. Alimpa dawa za majuma manne, akaandika tarehe ya kurudi, akaipigia mstari mara mbili, akaniambia, "Hii tarehe isipite." Wewe si daktari, lakini unajua kusoma tarehe. Iangalie, kisha iangalie ile ya siku shule zilipofungwa. Utaona kwamba alikuwa amekosa dawa siku nyingi kabla wewe hujamrukia kifuani.

Tarehe ile iliangukia katika juma la usaili wangu. Nilimwendea babu yako, nikamwambia, "Baba, tutakwenda baada ya usaili."

Akasema, "Nenda kwanza ukatafute kazi, baba. Moyo wangu umezoea kungoja."

Nilifaulu usaili. Nikasema tutakwenda nikishazoea ofisi. Kisha korona ikaingia, nikapata sababu ambayo hakuna aliyeweza kuipinga: hospitali si mahali salama kwa mzee. Mama yako aliponiuliza kwa simu kama mzee amerudi kliniki, nilimwambia amekataa kusafiri. Hakukataa. Alikuwa ameshapiga pasi koti lake. Bibi yako anasema alilining'iniza mlangoni, akilitazama kila asubuhi, na bibi yako mpaka leo anadhani alikuwa anangojea kwenda kanisani.

Siwezi kukuapia kwamba ugonjwa ule haukufika Endasak, hakuna aliyepimwa. Lakini babu yako hakuwa na homa wala kikohozi. Wewe hukuumwa hata mafua, na bibi yako vilevile. Alikufa ameketi, kama alivyokuwa akilala tangu kabla hujafika, kwa moyo ambao mtoto wake wa pekee wa kiume aliuambia usubiri.

Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza pale ulipoketi kwenye jiwe. Kila mtu alikuwa anasema ni korona, na korona haikuwa na uso wangu. Kama ningesema mbele za watu, au hata kukunong'oneza wewe peke yako, "Babu alikuwa mgonjwa wa moyo," swali la pili lingekuwa, "Kwa nini hukumrudisha hospitali?" Nililiogopa swali lile kuliko nilivyokupenda. Sentensi hiyo ni ngumu kuiandika. Nimeifuta mara mbili, na mara zote mbili nimeirudisha, kwa sababu hakuna nyingine iliyo ya kweli.

Nilijipa moyo kwamba watoto husahau. Hilo ndilo jambo wazazi wengi waliniambia vijijini, nami niliwasahihisha kwa ufasaha, nikiwa na michoro. Kisha akazaliwa mdogo wako, Yohana. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yako alikunyooshea umpakate, ukarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. Ulisema una mafua. Mafua yale yaliendelea mwaka mzima. Ulimfulia nguo, ulimchemshia uji, ulimwimbia ukiwa umesimama mlangoni, na hukumgusa mpaka alipojifunza kutembea na kukushika mguu yeye mwenyewe. Mama yako alisema, "Huyu ana wivu." Nilijua siyo wivu. Nikakubali kwa kichwa.

Wenzangu ofisini wananiuliza mara kwa mara namna ya kumtambua mtoto aliyeumizwa na kipindi kile. Siku hizi nawajibu kwa maneno machache. Nawaambia wamtazame yule asiyesumbua. Anayelia, anayepiga wenzake, anayekojoa kitandani, huyo bado anaamini kwamba kuna mtu atakuja. Aliyetulia kabisa huenda amekwisha kukata tamaa ya kuja kwa mtu. Wanaandika kwenye madaftari yao. Hawajui nimeyasoma wapi.

Nimejifunza pia kwamba mtoto hawezi kuliacha tundu wazi. Usipomwambia kwa nini jambo limetokea, atachukua kile alicho nacho karibu, simulizi ya bibi, neno la hasira la baba, na kuziba kwacho. Na kwa kuwa mtoto ana ulimwengu mdogo, mara nyingi kitu kilicho karibu zaidi ni yeye mwenyewe. Ulijichagua wewe kuwa sababu, kwa kuwa mimi nilikataa kuwa sababu.

Jana usiku nilimwambia mama yako yote haya. Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, "Mwambie yeye kwanza. Mimi nitasubiri zamu yangu." Jumapili nitakwenda Endasak kumwambia bibi yako, na sitasimama nje ya ua.

Huko unakokwenda, utalala kwenye chumba chenye wasichana wengi. Watagusa shuka zako, watakunywa kwenye kikombe chako bila ruhusa, mmoja atakusukia nywele, mwingine atakuja kulia kitandani kwako kwa sababu amekumbuka kwao. Siwezi kukuamuru usiogope; mkono uliozoea kurudi nyuma kwa miaka mitano haurudi mbele kwa sababu baba ameandika barua. Nenda taratibu. Ukishindwa siku moja, usijiambie kwamba ile imani ilikuwa ya kweli. Jiambie umechoka tu. Na siku utakapomshika mtu, na kesho yake mtu huyo akaumwa tumbo au malaria, kama watu wanavyoumwa, fungua ukurasa wa tatu wa daftari hili usome tena. Ndiyo maana nakupa uende nalo.

Ukitaka kuwaza vibaya juu yangu, una ruhusa. Ukitaka kumwuliza mtu mwingine kama niliyoyaandika ni kweli, mwulize mama yako. Ukirudi likizo ukiwa umekasirika, utakuta nimekungoja. Usinisamehe haraka kwa sababu ya adabu. Una adabu nyingi mno, Marselina, na nyingi kati ya hizo ulizipata siku ambazo ulipaswa kuwa unapiga kelele.

Nasikia geti. Yohana anaimba wimbo wa kufuli, sijui kautunga nani. Barua hii sitaificha kwenye tranka uje uikute ukiwa peke yako mbali. Nitakupa mkononi baada ya chakula cha jioni, nami nitakaa pale nje kwenye ngazi mpaka umalize kusoma. Ukipenda kutoka, toka. Usipopenda, nenda kalale.

Kesho saa kumi na moja alfajiri nitabeba tranka lako mpaka stendi. Tangu ulipoanza kuongea, hujawahi kuniona asubuhi bila kunipa shikamoo yangu, hata siku ulizokuwa umesimama ndani ya ua ule. Kesho usijilazimishe. Kama haitoki, iache. Panda basi, kaa kwenye kiti chako, tazama mbele. Mimi nitasimama chini ya dirisha lako, na nitaitikia marahaba hata hivyo.

Baba yako